Neno Hutazamwa Mwisho Wake

Ndugu msomaji, kila Ramadhani ikikaribia meza yangu hujaa mashairi. Watungaji wakubwa kwa wadogo, wa Lamu na wa Vanga, wa Malindi na wa Majengo, huleta tungo zao za dua na mawaidha, nami huzipokea kwa furaha, maana ni baraka kuishi kati ya watu ambao bado huamini kuwa dua ikitiwa vina huwa tamu zaidi. Katika tungo za safari hii nilikuta moja ya kijana aliyetunga kwa bidii, hati yake safi, vina vyake havichechemei. Kibwagizo chake kilianza na maneno haya: “Ninakuombea Mola.”

Nilihesabu mizani kwa vidole, nikaona nane kamili. Kina chake ni “la”, nacho kimekaa mahali pake. Nilikaribia kulipitisha. Lakini nilipolisoma mara ya pili nikaiweka kalamu chini, nikajiuliza: Je, hapa anayeombwa ni nani, na anayeombewa ni nani?

Waama, kumwomba Mola ni ibada. Kumwombea mtu ni kumwomba Mola kwa ajili ya mtu huyo: mama humwombea mwanawe, imamu huwaombea maamuma, nasi huwaombea maiti wetu. Sasa huyu kijana amemwombea Mola! Na kwa nani? Ni nani aliye juu ya Mola hata aombwe kwa ajili Yake? Kijana hakukusudia hayo, Mungu amsamehe na atusamehe sote. Nia yake ilikuwa safi kama maji ya mvua. Alikosa mizani moja, akatafuta silabi ya kuzibia pengo, akaokota hiyo “e” iliyo katika “ombea” kama mtu aokotavyo kijiwe cha kuegemeza mlango. Hakujua ya kuwa kijiwe kile kimeigeuza nyumba nzima.

Na dawa ilikuwa karibu. Angesema “Nakuomba ewe Mola”, mizani ni zile zile nane, kina ni kile kile, na dua ingekwenda inakotakiwa kwenda.

Nataka leo tuzungumze juu ya jambo hili, yaani mwisho wa neno. Wengi wetu hulitazama neno kwa mbele, tukajua kuwa hili ni la wingi na lile la umoja, tukadhani tumemaliza. Lakini neno, kama safari, hujulikana lilipofikia.

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Ni moja katika mambo yaliyoizaa elimu ya nahau yenyewe. Katika Sura ya Tawba, aya ya 3, ujumbe ni kwamba Mwenyezi Mungu yu mbali na washirikina, na Mtume wake pia yu mbali nao. Neno la “Mtume wake” hapo husomwa “rasuluhu”, kwa dhumma juu ya lamu. Yasimuliwa, na riwaya ni zaidi ya moja, kwamba mtu mmoja alisikiwa akilisoma kwa kasra, “rasulihi”. Ukilisoma hivyo, maana inapinduka: yawa Mwenyezi Mungu yu mbali na washirikina na pia yu mbali na Mtume wake! Haukubali. Irabu moja, nayo ni kijistari kidogo tu, imeipeleka aya mahali ambapo hakuna Mwislamu awezaye kusimama.

Riwaya zasema kisa hicho kilimshtua Abul Aswad ad-Duali wa Basra, aliyefariki mwaka 688. Hapo zamani msahafu ulikuwa hauna alama za irabu. Basi yasemwa alimweka mwandishi mbele yake akampa wino wa rangi nyingine, akamwambia: ukiniona nafungua kinywa, tia nukta juu ya herufi, nikikishusha, tia chini yake, nikiikusanya midomo, itie ubavuni. Baadaye, katika karne ya nane, akaja al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman, akazifanya alama hizo ziwe zile tunazozijua hata leo. Na msomaji ambaye ni mshairi ajue kuwa al-Khalil huyu huyu ndiye aliyeiasisi elimu ya arudhi, yaani vipimo vya mashairi. Mtu mmoja aliyachunga mawili kwa pamoja: mizani ya ubeti na irabu ya neno. Sisi leo twachunga mizani, irabu tunaiacha iende kombo.

Nami nilipokuwa mdogo chuoni, mwalimu wetu hakuwa na simile katika jambo hili. Ungeweza kusahau aya, akakukumbusha. Ungeweza kusinzia, akakuamsha kwa kukohoa. Lakini ukisoma “i” mahali pa “u”, kiboko kilikuwa kimekwisha kufika kabla hujaitamka herufi inayofuata. Wakati ule niliona ni ukali tu. Sikujua maana ya nilichokuwa nikikisoma, basi “u” na “i” kwangu zilikuwa ndugu wawili wasiotofautiana ila kwa nguo. Nilipokuja kuisoma nahau kidogo ndipo nikatambua kwamba mwalimu hakuwa akiipigania sauti. Alikuwa akiipigania maana.

Hebu tutazame ule mfano mkongwe ambao kila aliyegusa nahau ya Kiarabu anaujua. “Dharaba Zaydun Amran”: Zaid alimpiga Amri. Geuza miisho peke yake, useme “dharaba Zaydan Amrun”, hapo Amri ndiye aliyempiga Zaid. Maneno hayakusogea hata kidogo. Zaid angali wa kwanza na Amri angali wa pili. Kilichobadilika ni “un” na “an”, na aliyekuwa mpigaji amekuwa mpigwaji. Mabadiliko hayo ya mwisho wa neno Waarabu wanayaita “i'rab”, yaani kubainisha, kuweka wazi.

Hapo ndipo lilipotoka neno letu la “irabu”. Sisi tukalichukua kwa kuziita zile alama, kisha kwa kuziita a, e, i, o, u, ambazo mtoto wa darasa la kwanza huziimba. Na “nahau”, ambayo kwao ni elimu ya mpangilio wa sentensi na miisho ya maneno, shuleni kwetu imekuwa jina la misemo. Hata “sarufi” asili yake ni “sarf”, elimu ya kuligeuza neno umbo baada ya umbo. Tumerithi majina matatu ya elimu moja kubwa, na si vibaya yakibadilika yavukapo bahari. Kibaya ni kusahau yalikuwa yakilinda nini.

Sasa tutoke tukatembee kidogo kwa jirani. Chukua neno “kitabu”. Mwarabu anasema “kitab”, na vikiwa vingi anasema “kutub”: mabadiliko yamo tumboni mwa neno. Mturuki alilichukua neno hilo hilo, analiita “kitap”, na yakiwa mengi anasema “kitaplar”: amebadilisha mwisho. Mswahili naye alipolipokea alisikia “ki” mwanzoni, akadhani ni ile “ki” ya kiti na kisu, akasema “vitabu”: amebadilisha mwanzo. Neno moja, na kila kaumu imelishika lilipoweza kushikika: huyu tumboni, huyu mkiani, huyu kichwani.

Mturuki ni bingwa wa mikia. Nyumba kwake ni “ev”. Nyumba nyingi ni “evler”. Nyumba zangu, “evlerim”. Katika nyumba zangu, “evlerimde”. Ameunganisha behewa baada ya behewa kama gari la moshi, wala kichwa hakikuguswa. Na msikilize vizuri: kwa “kitap” amesema “lar”, kwa “ev” amesema “ler”. Irabu ya mkia huifuata irabu ya neno, kwani masikio yake hayapendi ugomvi. Nasi tuna jambo kama hilo, ingawa hatulioni: twasema “pika – pikia”, lakini “soma – somea”, “funga – fungisha”, lakini “cheka – chekesha”. Hakuna aliyetufundisha tukiwa mgongoni mwa mama zetu kwamba “e” na “o” huita “e”, na zilizobaki huita “i”. Tulinyonya pamoja na maziwa.

Mwingereza naye alikuwa na miisho mingi zamani, kabla ya Wanormani kumvamia mwaka 1066 na karne kadhaa baadaye. Jiwe lilikuwa “stan”, mawe “stanas”, na la jiwe “stanes”. Ilikuwa imekwisha kuanza kufifia, ikaendelea kufifia mpaka ikabaki michache. Ndipo akalazimika kuyapanga maneno yake kama askari gwarideni, mtenda mbele na mtendwa nyuma, kwani bila ya mpango huo hatajulikana nani kampiga nani. Na Mwarabu wa leo, akiwa sokoni Muscat au Cairo, haitamki tena miisho ile ya Zaid na Amri. Ameiacha kwa Kurani, kwa hotuba na kwa vitabu. Hili latufunza kwamba lugha yaweza kupoteza miisho yake ikaishi. Lakini latufunza pia kwamba hakuna upotevu usio na fidia: kilichotoka nyuma, hapana budi kilipwe kwa njia nyingine. Ubaya ni kutupa bila ya kulipa.

Turudi nyumbani, tuone tulicho nacho. Chukua harusi. Mwanamume huoa. Mwanamke huolewa. Walii huozesha. Wao wawili wameoana. Na kijana mtanashati mwenye kazi na adabu, huyo huozwa hata kabla hajaomba. Harusi nzima, kuanzia posa mpaka fungate, imo katika kitenzi kimoja, na kila mwenye nafasi yake ameonyeshwa kiti chake na mwisho wa neno. Mwingereza kwa hayo yote ana kitenzi kimoja tu anachomvika bwana na bibi na hata kadhi. Na siku wakiachana, Mungu aepushe, kuna aliyeacha na aliyeachwa, na mbele ya kadhi hiyo “w” ina hesabu yake ya eda na mahari.

Chukua deni. “Nimemkopa” na “nimemkopesha” ni maneno yaliyopishana kwa silabi moja, lakini baina yake pana mtu anayedai na mtu anayedaiwa. Usia ukiandikwa kwa neno la kwanza mahali pa la pili, watoto wa marehemu watalipa deni walilostahili kulipwa. Chukua saumu: aliyefunga na aliyefungua hawako sawa; aliyefuturu amejilisha nafsi yake, aliyefuturisha amelisha wenziwe, na thawabu zao kila mtu azijua.

Au tazama kitenzi “tuma”, uone jinsi mwisho wa neno unavyowatenga watu. Kimezaa “mtumishi”, ambaye ni mwenye kutumika. Kimezaa “mtumwa”, ambaye historia ya pwani hii inamjua kwa machozi. Na kimezaa “Mtume”, aliyetumwa na Mola wake kwa viumbe vyote. Mzizi ni mmoja. Anayepita kwa haraka hataona ila “ishi”, “wa” na “e”. Lakini ile “e” ya mwisho ina kazi yake: ndiyo iliyo katika “mteule”, aliyeteuliwa, na katika “kiumbe”, kilichoumbwa. Na kiumbe kimetoka kwa Muumba, naye ana “a”. Kati ya “a” hiyo na “e” hiyo ndipo penye tofauti kuu kuliko zote anazozijua mwanadamu.

Hata uwanjani pia hali ni hiyo. “Mshindi” ni aliyeshinda, “mshinde” ni aliyeshindwa, “mshindani” ni yule asiyekubali bado kuwa mmoja wa hao wawili. Na ukiongeza “ua” au “oa”, kazi yote ya mtu yatanguka: uliyefunga umefungua, uliyetega umetegua, uliyekunja umekunjua, uliyechomeka umechomoa.

Na ile “ni” ya mwisho, nani aliyewahi kuihesabia kazi zake? Nikisema, “Nawaulizeni: mwafanyani nyumbani?” nimeitumia mara tatu kwa kazi tatu. Ya kwanza yaonyesha ninyi mu wengi. Ya pili ni “nini”, imekatwa. Ya tatu yaonyesha mahali. Na hiyo ya tatu ina watoto watatu: nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu, na mzee wa pwani anajua kama uko mlangoni, uko upande ule, au umo ndani umejifunika shuka. Lugha inayoweza kusema hayo kwa silabi moja si lugha ya kuchezea.

Iko pia miisho tuliyokwisha kuipoteza bila ya kuiaga. Mtu wa Lamu husema mtoto “ulele”, kwa maana amelala. Huo ni mwisho wa kale wa Kibantu, ule unaosikika hata kwa Wazulu wa Afrika Kusini wasemapo “uhambile”, yaani amekwenda. Watungaji wa tenzi wa zamani waliujua sana. Sisi wa Mombasa tukiusoma leo twadhani ni kosa la mwandishi, kumbe kosa ni letu tulioikata kamba ya babu zetu.

Wako wanaodhani kuwa ile “u” ya kitabu, elimu na hesabu ni dhumma ya Kiarabu iliyotufuata. Sivyo. Ingekuwa ni dhumma tungesema pia “wakatu” na “hadithu”. Mdomo wa Mswahili haupendi kulifunga neno kwa konsonanti, basi huongeza irabu iliyo karibu: baada ya b na m, ambazo ni herufi za midomo, mara nyingi huongeza u, baada ya t, th na d, mara nyingi huongeza i, tukapata wakati, hadithi na baridi. Na kwa kuwa kila neno letu humalizikia na irabu, vina vimetuwia rahisi. Hapa nataka niseme na watungaji wenzangu.

Ndugu zangu, wepesi huu ndio unaotuponza. Mtu akikosa kina hukimbilia “-ia”, akikosa mizani hutia “-ea”, akibanwa zaidi hutia “-wa”, ubeti ukajaa kama gunia la pamba: mkubwa, mwepesi, hauna kitu. Anaandika “nimemwendea sokoni” na maana yake ni “nimekwenda sokoni”. Anaandika “wamenilia chakula”, na kumbe walikula naye. Sasa wameonekana wezi. Ukimwuliza hukujibu, “Ni ruhusa ya mshairi.” La, bwana. Mshairi ana ruhusa ya kufupisha, ya kupindua mpangilio, ya kuazima neno la Kiamu au la Kitikuu. Hana ruhusa ya kusema asilolikusudia. Hiyo si ruhusa, ni ajali.

Nasema hivi si kwa kuwa mimi nimetakasika. Nilipokuwa kijana katika kazi hii ya uandishi nilitumwa kuandika tangazo la msiba. Nilitakiwa niandike kwamba mzee fulani amefiwa na mkewe nyumbani kwao Kibokoni. Kwa haraka zangu nikaiangusha “w” moja. Likatoka: mzee fulani amefia na mkewe nyumbani kwao Kibokoni. Asubuhi watu wakamiminika kuwazika wawili, wakamkuta mmoja amekaa barazani na tasbihi yake, akipokea rambirambi za kifo chake mwenyewe. Nilikwenda kumwomba radhi huku miguu ikinitetemeka. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, herufi yako moja imenizika. Nenda ukanifufue.” Tukatoa sahihisho siku ya pili yake. Mzee huyo amekwisha tangulia mbele ya haki, safari hii kwa kweli, na tangu siku ile sijaandika neno la kufa bila ya kulitazama mwisho wake mara mbili.

Sasa nije kwenye lile ambalo huenda lisiwapendeze wengine wetu. Sisi watu wa pwani tuna maneno mengi juu ya Kiswahili cha bara. Twawacheka wasemapo “hukujanga” na “alikuwanga”. Lakini hebu tuwe waadilifu. Hiyo “nga” haikuzuliwa barabarani. Ni mwisho wa Kibantu wa kuonyesha mazoea, nao umo katika lugha za Kiluhya. Mtu ameleta mkia wa lugha ya mamake akautia katika lugha aliyojifunza. Si Kiswahili fasaha, kwani sisi mazoea huyatia mwanzoni, twasema “huja”, na mwalimu ana haki ya kusahihisha. Lakini huyo ana udhuru. Mimi na wewe tuliozaliwa ndani ya lugha, udhuru wetu ni upi? Kijana wangu wa “Ninakuombea Mola” hakutoka mbali. Ametoka mtaa wa pili kutoka nyumbani kwangu.

Kiswahili kimekuwa somo la kutahiniwa katika shule za msingi tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mtoto wa bara hukaa nacho mezani usiku, akajifunza kauli ya kutendea na ya kutendewa, akajua kuzitenganisha. Mtoto wetu hukitegemea cha barazani, akijisemea kuwa ni lugha ya nyumbani haina haja ya kusomwa. Kisha akaja kwenye simu, akaandika ujumbe usio na irabu hata moja, kana kwamba ni msahafu wa kabla ya Abul Aswad. Lakini wale wa zamani waliandika bila ya irabu kwa kuwa walikuwa nazo vifuani mwao. Huyu wetu je?

Tumkumbuke Sibawayhi. Alikuwa Mwajemi, si Mwarabu. Alikwenda Basra akakaa miguuni pa al-Khalil akasoma, akaandika kitabu cha nahau ya Kiarabu ambacho mpaka leo huitwa tu “al-Kitab”, Kitabu, bila ya jina jingine. Waarabu walikuwa na lugha, na mgeni akawa na elimu yake, wao wakaenda kuisoma kwake. Sioni ubaya kabisa siku ikija ambapo mtu wa Kakamega au wa Nyeri atatuandikia kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiswahili. Nitakuwa wa kwanza kukinunua. Lugha ni ya mwenye kuitumikia. Ila nitasikitika ikiwa siku hiyo wajukuu zetu hawataweza hata kukisoma na kukubali au kukataa, kwa kuwa walichobakiwa nacho ni lahaja ya kujivunia na si lugha ya kujieleza.

Basi nasaha zangu ni chache. Kwa walimu wa vyuo na madrasa: endeleeni kuwashika watoto kwa irabu, lakini waambieni na sababu yake. Mtoto akielezwa kuwa “u” na “i” zaweza kumgeuza mtenda kuwa mtendwa, hatahitaji kiboko. Ataogopa mwenyewe. Kwa walimu wa shule: msiifundishe minyambuliko kama orodha ya kukariri, “pika, pikia, pikwa, pikisha”, mpaka mtoto akasinzia. Mpeni harusi, mpeni deni, mpeni msiba, aone nani anafanya na nani anafanyiwa. Kwa wazazi: msimwachie mtoto aseme nusu ya neno kwa kuwa mmemwelewa. Ninyi mmemwelewa kwa kuwa ni wenu. Atakapokwenda mbele ya watu hawatakuwa na mapenzi hayo. Na kwa watungaji: kabla ya kuhesabu mizani, ulizeni maana. Ubeti wenye mizani saba na maana kamili hutengenezeka. Wenye mizani nane na maana iliyopotoka, huo hupendwa, huimbwa, na huenda ukasomwa maulidini kabla ya mtu kuugundua.

Yule kijana nimemwita. Alikuja jioni moja baada ya Alasiri, tukaketi barazani, nikamwonyesha “omba” na “ombea”. Alinyamaza, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili akasema, “Astaghfirullah, Mzee, na nimekwisha liimba mbele ya mama.” Nikamwambia mama yake alikisikia kilichokuwa moyoni mwake. Lakini wasomaji si mama. Amelirekebisha, na inshallah mtalisoma hapa hapa.

Nami namaliza kwa ubeti mmoja, wa kwangu:

Neno tazama mwishoni, ndiko maana iliko,
Irabu moja kinywani, yageuza matamko,
Tulifunzwa utotoni, kwa ubao na kiboko,
Tuwafunzeni nyumbani, wana wa kwenye mbeleko.

Mwenye jicho kali ataona kuwa vina vyangu vya kati vyote nimevikopa kwa ile “ni” ya mahali, baada ya kuwakemea wengine kwa wepesi. Ni kweli, nimekopa. Lakini nimekopa, sikukopesha, nami natumai kwa uchache huo mtanisamehe.